Mikono ya Maya Plisetskaya

Hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni mbele ya wazazi na wanafunzi wa darasa letu la dansi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale waliozuiwa na mvua.

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za jioni. Na ninyi vijana mliokaa hapo mbele kwenye mikeka, hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, sasa tuko pamoja.

Niliombwa nimzungumzie mcheza dansi mmoja ninayemheshimu, nikaachiwa nichague mwenyewe. Sikuhangaika. Nimewaletea Maya Plisetskaya, mwanamke wa Kirusi aliyezaliwa Moscow tarehe 20 Novemba 1925, akacheza baleti katika jumba la maonyesho la Bolshoi kuanzia mwaka 1943 hadi 1990. Hesabuni wenyewe: miaka 47. Wacheza baleti wengi hustaafu kabla au mara tu baada ya kufika miaka 40, kwa sababu magoti na vifundo vya miguu vinakuwa vimechoka. Huyu aliondoka Bolshoi akiwa anakaribia miaka 65, na hata hapo hakuacha kucheza.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni: mwalimu, mbona Mrusi? Nikamjibu, kwa sababu ya mikono yake. Basi nianzie hapo.

Kuna dansi moja fupi sana, haimalizi dakika tano, iitwayo Batamaji Anayekufa. Ilitungwa na Mikhail Fokine kwa ajili ya mcheza baleti Anna Pavlova, kwa muziki wa Camille Saint-Saëns, selo ikilia mbele ya vyombo vingine. Hakuna hadithi ndefu. Ndege anaingia, anapigania uhai wake, anakufa. Basi.

Sasa mwone Maya anavyoingia. Anaingia kwa mgongo. Ukumbi umejaa, watu wamelipa ili wauone uso wako, nawe unawapa mgongo! Amesimama juu ya ncha za vidole vya miguu, hatua zake ndogondogo na za harakaharaka kama sindano ya cherehani, hata unadhani anasukumwa na upepo. Mikono imefunguka pembeni. Kisha wimbi linaanza begani. Linapita kwenye kiwiko, linashuka kwenye kiganja, linaishia kwenye ncha za vidole. Na kabla halijaisha, jingine limeshaanza begani. Unatafuta mfupa huuoni. Unatafuta kiungo hukioni. Unayaona maji tu.

Mara nyingi watu walipiga makofi na kukataa kuondoka mpaka akairudia dansi yote tangu mwanzo. Ndege aliyekufa mbele yao dakika mbili zilizopita anafufuka, anaingia tena kwa mgongo, anakufa tena.

Nawauliza: mikono ile aliipata wapi?

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Upande wa mama yake Maya, akina Messerer, ulikuwa ukoo wa jukwaani. Mama yake, Rachel, alikuwa mwigizaji wa zile sinema za zamani zisizo na sauti. Mjomba wake, Asaf, alikuwa nyota wa Bolshoi, na baadaye akawa mmoja wa walimu wakubwa wa baleti katika nchi ile. Mama yake mdogo, Sulamith, ambaye nyumbani walimwita Mita, naye alikuwa nyota wa Bolshoi, na zaidi ya hapo alikuwa bingwa wa taifa wa kuogelea. Baba ndiye aliyekuwa mtu wa fani nyingine. Mikhail Plisetsky alikuwa mtumishi wa serikali ya Kisovieti, msimamizi wa machimbo ya makaa ya mawe huko Spitsbergen, visiwa vya barafu vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini. Maya aliishi huko kwa muda akiwa mdogo, kwenye theluji isiyokwisha. Mwaka 1934, akiwa bado hajatimiza miaka tisa, alipokewa katika shule ya baleti ya Bolshoi.

Halafu ukaja mwaka 1937. Wazee wanaoijua historia wanajua mwaka huo ulikuwaje katika nchi ya Stalin. Watu walichukuliwa usiku, na majirani walilala macho, wakisikiliza lifti inasimama ghorofa ya ngapi.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili, siku moja kabla ya Mei Mosi, walikuja kumchukua baba. Maya alikuwa ameshonewa gauni jipya kwa ajili ya gwaride la sikukuu. Wazazi, mnajua mtoto anavyoililia nguo mpya ya sikukuu, anavyoitoa kabatini kuitazama na kuirudisha. Gauni lilibaki pale, baba akaenda. Hakumwona tena. Januari 1938 baba huyo alipigwa risasi, lakini familia haikuambiwa. Kwa miaka na miaka walisubiri, wakidhani huenda yuko hai mahali fulani.

Mama alikuwa mjamzito. Mwezi wa Julai mwaka uleule wa 1937 akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Azari. Likumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Machi 1938, jioni moja, Mita alikuwa anacheza Mrembo Aliyelala pale Bolshoi. Maya na mdogo wake Alexander wakaenda na maua kumtuza mama yao mdogo. Dansi ikaisha, watu wakapiga makofi, watoto wakageuka kumtafuta mama. Mama hayupo. Maya akasimama na maua yake. Mita akatoka jukwaani, akaelewa kabla hajaambiwa, akawashika mikono akaenda nao kwake. Watoto wakaelezwa kwamba mama ameitwa ghafla Spitsbergen kwa baba.

Ukweli ni kwamba mama alikuwa gerezani, na kichanga chake mikononi. Kosa lake? Kuwa mke wa mtu. Huko Kazakhstan ilijengwa kambi kwa ajili ya wake za watu walioitwa wasaliti wa taifa. Sisemi wasaliti. Nasema wake zao. Huko ndiko alikopelekwa Rachel, ndani ya behewa la mifugo lililojaa wanawake, Azari akiwa ananyonya.

Naomba tutulie kidogo kwenye behewa hilo. Rachel alipata kipande cha karatasi. Kalamu hakuna. Akachukua njiti ya kiberiti iliyoungua, akaandika kwa masizi yake, akakunja, akaweka anwani. Treni ilipopita mahali akaona kupitia kijitundu wanawake wawili wafanyakazi wa reli wamesimama na bendera zao. Akarusha ile karatasi nje. Mmoja akageuza uso kana kwamba hakuona kitu. Mwingine akaelewa. Barua ilifika Moscow.

Mwanamke yule wa reli aliokota karatasi ya mfungwa, tendo ambalo lingeweza kumpakia yeye mwenyewe kwenye behewa hilohilo. Kila ninapomtazama Maya akicheza namkumbuka na huyu.

Serikali ilikuwa na utaratibu wake kwa watoto walioachwa namna hii: kituo cha yatima. Walikuja kumtaka Maya. Mita akakataa. Akamwasili kisheria awe mwanawe, na mjomba Asaf akamchukua Alexander. Kisha Mita akabandika kifuani nishani aliyotunukiwa na serikali hiyohiyo, akaenda kubisha hodi kwenye ofisi za wakubwa wa polisi wa siri, akasafiri mpaka kambini. Hebu lipimeni hilo. Mwaka 1938, watu wengine wanaukana ukoo wao wenyewe ili wapone, na mcheza dansi anakwenda kumdai dada yake kwa watu ambao hakuna aliyethubutu hata kuwatazama usoni. Rachel na mtoto wakatolewa kambini wakapelekwa kuishi uhamishoni katika mji wa Chimkent, hukohuko Kazakhstan, na mwaka 1941 wakarudi Moscow.

Nikiulizwa Maya alilelewa na nani, najibu: alilelewa na mama mdogo. Sisi tunajua maana ya neno hilo. Mama mdogo si jina tu.

Tarehe 21 Juni 1941, binti huyu wa miaka 15 alicheza kwenye onyesho la wanafunzi mjini Moscow, dansi ya Impromptu iliyotungwa na Leonid Yakobson kwa muziki wa Tchaikovsky. Watu walifurahi sana. Usiku huo akalala mshindi. Kesho yake asubuhi Wajerumani wakaivamia nchi.

Familia ikahamia Sverdlovsk, mbali huko kwenye milima ya Urali. Mwaka mzima karibu upite bila mafunzo ya kweli, na ninyi vijana mnajua mwili wa miaka 15 ukikosa mazoezi kwa mwaka unakuwaje. Lakini hukohuko Sverdlovsk, penye njaa na foleni za mkate, Mita alimpangia yule Batamaji. Dansi iliyokuja kuzunguka naye dunia nzima kwa zaidi ya miaka 50 ilianzia kwenye mji wa wakimbizi wa vita, mama mdogo akimwonyesha mwanawe mkono uanzie wapi na uishie wapi.

Maya akaona mwaka wa pili wa namna hii utammaliza. Kurudi Moscow kulihitaji kibali, naye hakuwa nacho. Akarudi hivyohivyo, msichana wa miaka 16 kwenye treni za wakati wa vita. Mwaka 1943 akahitimu, Bolshoi ikamchukua.

Niwaeleze alivyokuwa jukwaani, maana historia bila dansi haitoshi. Alikuwa na nywele nyekundu, shingo ndefu, miguu mirefu, na mruko ambao hata leo watoto wa baleti wanauiga bila kujua umetoka kwake. Katika Don Quixote, akicheza Kitri, aliruka juu huku mgongo umepinda kama upinde, na mguu wa nyuma ukaja kugusa karibu na kisogo. Mwaka 1947 akapewa Ziwa la Mabatamaji, ambamo mchezaji mmoja anakuwa Odette, ndege mweupe, na pia Odile, mweusi mdanganyifu. Alilicheza kwa miaka 30, zaidi ya mara 800.

Vijana, hapa sikilizeni vizuri. Katika Ziwa la Mabatamaji kuna mahali ambapo Odile anatakiwa azunguke mara 32 juu ya mguu mmoja, papo hapo, huku mguu wa pili ukichapa hewa. Kila mtazamaji wa baleti anahesabu. Maya hakuipenda. Akaitoa, na mahali pake akaweka mzunguko wa kasi kulizunguka jukwaa zima kama kimbunga. Kuna waliomlaumu hadi mwisho wa maisha yake. Mimi naona alifanya sawa kabisa. Kama kitu si chako, kifanye kingine kiwe chako, mradi ukifanye kwa moto uleule. Lakini msije Jumanne mkaniambia mwalimu, Maya alikataa, na mimi nakataa. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka mingi ndipo akakataa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nimchague huyu nikawaacha wengine.

Desemba 1949, Stalin alipotimiza miaka 70, kulikuwa na sherehe Ikulu ya Kremlin. Mao Zedong alikuwepo. Maya akaitwa kucheza. Baadaye aliandika jinsi sakafu ilivyong'arishwa mpaka ikawa inateleza, na hofu aliyokuwa nayo ya kuanguka mbele ya mtu yule. Binti wa mtu aliyepigwa risasi anacheza mbele ya mwenye nchi iliyompiga risasi. Je, alikosea? Kuna wanaosema angekataa. Wapi? Vipi? Mama yake alikuwa amerudi kutoka kambini na uhamishoni. Alikuwa na wadogo zake wawili. Sitamhukumu, na naomba nasi tuliokaa hapa kwenye viti vya raha tusiharakishe kumhukumu.

Stalin akafa. Wengine wakapumua, lakini Maya hakuachiwa. Alikuwa na ulimi. Alisema alichofikiri, alizungumza na wageni kwenye tafrija za mabalozi, na baba yake alikuwa bado kwenye mafaili. Mwaka 1956 Bolshoi ilikwenda London kwa mara ya kwanza, safari iliyosubiriwa na Ulaya yote. Galina Ulanova, nyota mwenzake, alikwenda. Maya akaachwa. Walimshuku kuwa jasusi wa Waingereza. Kulikuwa na gari la polisi wa siri lililomfuata alikokwenda, mchana na usiku, watu wakikaa ndani yake wakimsubiri atoke. Mwanamke anakwenda mazoezini, gari nyuma. Anarudi nyumbani, gari chini ya dirisha.

Akafanyaje? Oktoba ya mwaka huohuo, wenzake wakiwa London, alicheza Ziwa la Mabatamaji mjini Moscow pamoja na wachezaji waliobaki. Mji mzima ulijua kwa nini yuko pale na hayuko kule. Hakuna aliyetoa hotuba. Hakuna aliyebeba bango. Alipoingia tu jukwaani watu wakapiga makofi, wakapiga, wakapiga, mpaka muziki haukusikika. Nchi ambayo watu wake hawaruhusiwi kusema, makofi yanakuwa maneno. Na yeye hakuwajibu kwa mdomo. Aliwajibu kwa mikono.

Jambo la ajabu ni kwamba serikali hiyohiyo ilimhitaji. Kila mgeni mkubwa aliyefika Moscow alipelekwa Bolshoi kumwona Maya akiwa Odette: Tito wa Yugoslavia, Nehru wa India, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Nikita Khrushchev, aliyeongoza nchi baada ya Stalin na aliyelazimika kukaa na wageni hao wote, alimlalamikia kwamba ameshaliona Ziwa la Mabatamaji mara nyingi mpaka usiku anaota sketi nyeupe zimechanganyika na vifaru vya vita. Yaani alikuwa fahari ya nchi anapocheza ndani, na hatari ya nchi akitaka pasipoti.

Mwaka 1958 aliolewa na mtunzi wa muziki Rodion Shchedrin, na ndoa hiyo ilidumu miaka 56, mpaka kifo. Mwaka 1959, baada ya kumwandikia Khrushchev mwenyewe, akaruhusiwa kwenda Marekani na Bolshoi, safari ya siku 73. Mume alibaki Moscow. Mnaelewa kwa nini alibaki: awe dhamana kwamba mke atarudi. Maya akacheza, Wamarekani wakamshangilia, akarudi. Na Khrushchev akafurahi waziwazi kwamba hakumwaibisha.

Akarudi. Neno hilo dogo limenisumbua sana. Wacheza baleti wenzake walitoroka nchi: Rudolf Nureyev mwaka 1961. Natalia Makarova mwaka 1970. Mikhail Baryshnikov mwaka 1974. Hata Mita, yule mama mdogo wa chuma, mwaka 1980 akiwa na miaka zaidi ya 70 alibaki nje na mwanawe. Maya alizunguka dunia, na kila mara alirudi kwa watu waliokuwa wakimfuata na gari. Alikuwa na mume pale. Alikuwa na mama pale. Na kulikuwa na jukwaa la Bolshoi, pana, lililoinama kidogo kuelekea kwa watazamaji, ambalo hakuona mfano wake popote. Mimi simwoni kuwa bora kuliko waliotoroka. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Ila siwezi kukubali mtu akiniambia alirudi kwa sababu ya woga. Mwoga hachezi Carmen.

Ndiyo, Carmen. Maya alikuwa ameota kwa miaka kumcheza Carmen, yule mwanamke wa opera ya Bizet anayeuawa na mpenzi wake José. Akamwomba Dmitri Shostakovich amwandikie muziki, akakataa. Akamwomba Aram Khachaturian, haikuwa. Mwishowe kazi ikaangukia nyumbani: Shchedrin akachukua muziki wa Bizet, akauandika upya kwa nyuzi na ngoma za kila aina, kwa siku 20. Mtunzi wa dansi akatoka Cuba, Alberto Alonso. Mandhari ya jukwaa, uwanja wa mapambano ya ng'ombe, akaichora Boris Messerer, mtoto wa mjomba Asaf. Mnaona ule ukoo wa wahunzi? Bado unavukuta.

Tarehe 20 Aprili 1967 pazia likafunguka. Watazamaji wa Bolshoi walizoea sketi nyeupe na mapenzi ya kuheshimika. Badala yake wakamwona mwanamke mwenye nguo fupi, mguu umekunjwa, nyonga imetupwa upande, nyayo bapa zikiikanyaga sakafu, na macho yasiyoomba ruhusa. Ukumbi ulikuwa baridi. Waziri wa utamaduni, Ekaterina Furtseva, aliondoka amekasirika. Aliona mwanamke shujaa wa Kihispania amefanywa malaya. Onyesho la pili likataka kufutwa. Wakabishana, wakabembeleza, wakakata sehemu ya mapenzi kati ya Carmen na José, na Shostakovich mwenyewe akaitetea kazi ile. Carmen akabaki. Maya akamcheza takriban mara 350, na polepole watu walewale waliokaa baridi wakaanza kupanga foleni.

Na sasa Azari. Mnamkumbuka? Yule mtoto wa kwenye behewa. Mtoto ambaye baba yake alichukuliwa kabla hajazaliwa. Alikua, akaingia Bolshoi, kisha akaenda Cuba, akawa mwenzake jukwaani Alicia Alonso, shemeji wa Alberto. Alberto alipomtengenezea Maya dansi ya Carmen huko Moscow, aliipeleka pia Havana. Na kule Havana, aliyecheza José mbele ya Carmen wa Alicia Alonso alikuwa Azari Plisetsky. Dada anakufa jukwaani Moscow, mdogo wake anaua jukwaani Havana, dansi ileile. Mita alipokwenda kubisha hodi na nishani yake kifuani, ndicho alichokuwa anakiokoa.

Nimewachosha? Bado kidogo, maana siwezi kuondoka bila Bolero.

Maya aliiona Bolero, dansi ya mtunzi Maurice Béjart, huko Dubrovnik, akarukwa na akili. Mchezaji mmoja juu ya meza kubwa ya duara, wanaume wamemzunguka, muziki wa Ravel unarudia wimbo uleule kwa robo saa huku ukipanda, ukipanda. Akamwandikia Béjart kuomba aicheze. Mwaka 1975 akaenda Brussels. Alikuwa anakaribia miaka 50, na alikuwa na siku chache tu za kujifunza.

Tatizo lilikuwa kukumbuka. Wimbo ni mmoja, miondoko kila mara mipya, na hesabu zinafanana mpaka kichwa kinazunguka. Wakaipa kila sehemu jina: Kaa, Jua, Samaki, Paka, Tumbo, Samba. Lakini usiku wa onyesho bado hakuwa na hakika. Béjart akasimama mwisho kabisa wa ukumbi, nyuma ya watazamaji, akiwa amemulikwa taa, akamwonyesha kwa mikono: sasa Paka, sasa Jua. Fikirini picha hiyo. Watu maelfu wanamtazama mwanamke juu ya meza, na yeye macho yake yamevuka vichwa vyao wote, yametulia kwenye mikono ya mtu mmoja gizani. Watazamaji waliona jicho la kuabudu, lililo mbali. Yeye alikuwa anasoma somo lake.

Vijana, miaka 50. Nyota wa dunia. Na hakuona haya kuonyeshwa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Mengine niyapite haraka. Alitunga baleti zake mwenyewe, ikiwemo Anna Karenina mwaka 1972, muziki wa mumewe, mavazi ya Pierre Cardin. Aliongoza kundi la baleti la Roma, kisha la taifa la Hispania huko Madrid. Mwaka 1990 akaachana na Bolshoi kwa ugomvi na mkuu wa baleti, na ugomvi huo ulikuwa mrefu na mchungu, siuingii leo. Mwaka 1995, alipotimiza miaka 70, Béjart alimtungia dansi nyingine, Ave Maya, anacheza na pepeo mbili za kujipepea mkononi. Na yule Batamaji aliendelea kuingia kwa mgongo hata baada ya umri huo. Miguu ilikuwa imepunguza mwendo. Mikono haikuwa imepunguza chochote.

Alifariki Munich tarehe 2 Mei 2015, akiwa na miaka 89. Aliacha wosia kwamba majivu yake yatunzwe mpaka Shchedrin naye afariki, yachanganywe, kisha yamwagwe angani juu ya Urusi. Shchedrin aliishi miaka kumi baada yake, akafariki Munich Agosti 2025.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Wazazi, chai iko pale nyuma, msiiache ikapoa. Na ninyi vijana, hebu simameni. Wote. Geukeni, wapeni wazazi wenu mgongo. Hivyohivyo. Fungueni mikono pembeni, shingo ndefu, viwiko visining'inie. Msianze na vidole, nawaona, nimesema msianze na vidole. Begani kwanza. Tena. Begani.